Barua kwa mwanangu: kuhusu yale maji

Mwanangu mpendwa,

Shalom kutoka Nabugoye, kilima chetu sisi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Unaniuliza kama ushuke tena kwenye mikve, maji ya kuzamia mtu anapoingia Uyahudi, mbele ya marabi watatu wa Kiortodoksi, Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali, kwa kuwa rabi wa mchumba wako huko Yerusalemu haukubali uongofu wetu wa 2002. Anasema ulifanywa na Wakonsavativu, dhehebu la Kiyahudi ambalo Waortodoksi hawalikubali.

Wewe ulikuwa na miaka sita, labda unakumbuka baridi tu. Mimi namkumbuka babu yako. Mzee alitahiriwa siku ya nane, maana baba yake alimfuata Kakungulu, mkuu aliyetuingiza katika Uyahudi. Rais Idi Amin alipopiga marufuku ibada zetu, alishika Shabati mlango umefungwa, moto hauwaki, wanakula viazi vya jana. Siku ile ya uongofu, 2002, marabi wakamweleza kwa upole kwamba aliyekwisha kutahiriwa hutolewa tone moja la damu. Kisha wakamuuliza kama kweli anataka kuwa Myahudi. Akanyamaza kitambo kirefu. Halafu akasema, "Na wakati wa Amin nilikuwa nani?"

Alikubali. Akazama mara tatu, akatoka anatetemeka, watu wanaimba. Njia nzima hakunisemesha, mimi mkwe wake aliyenipenda tangu siku nilipoletwa kutoka Bungoma. Wengi wetu tuliita jambo lile uthibitisho, si uongofu. Yeye hakulitamka neno hilo hata siku moja.

Nimekwambia tangu utotoni, maji hayana dhehebu. Basi kama hayana, mbona naogopa uyashukie tena? Najua mahakama ya juu ya Israel ilisema mwaka 2021 kwamba hata walioongokea humo nchini kwa Wakonsavativu na kwa Wareforma, dhehebu jingine la Kiyahudi, wana haki ya uraia. Lakini ndoa za Wayahudi huko zimo mikononi mwa Marabi Wakuu, nao ni Waortodoksi. Na Uyahudi hupitia kwa mama, na mama huyo utakuwa wewe, binti yangu, kwa hiyo watakaoulizwa kesho ni wajukuu wangu.

Pengine ukishuka hutamkosea mzee. Pengine. Ila yeye alikubali kuulizwa ili wewe usiulizwe tena, na hapo ndipo panaponiuma. Maji hayana dhehebu, mwanangu, lakini wanaosimama ukingoni wanalo.

Usinilazimishe niseme ndiyo au hapana. Neno liko ulimini, nalimeza kwa shida. Nipigie Ijumaa, kabla sijawasha mishumaa.

Mama yako