Redio inaimba, uso wake kiza: usinunue nyingine

Msomaji wa Wete ameandika: redio ya gari yake inaimba vizuri, ila magharibi ikiingia vitufe havionekani, na fundi keshamwambia anunue ya skrini. Asinunue. Redio ya Japani inayoishia 90 FM, hiyo ni sababu ya kueleweka ya kubadilisha. Kiza si sababu. Kilichokufa ni globu ndogo kama punje ya mchele, na umeme wake una njia yake mbali na ule wa sauti.

Kabla ya kufungua kitu, washa taa ndogo. Ikiwa swichi za AC nazo ziko kiza na taa za nyuma haziwaki, tazama fyuzi iliyoandikwa TAIL. Ikiwa taa za nyuma zinawaka, pandisha mpaka mwisho kile kigurudumu cha kupunguzia mwanga wa dashibodi. Wapo waliobomoa dashibodi nzima, kumbe goti lilikishusha.

Bado kiza? Vua nati ya hasi ya betri kwa spana namba 10, lakini kama redio ni ya Ulaya, hakikisha kwanza unayo namba yake ya siri, vinginevyo itajifunga. Chomoa redio. Kwenye plagi ya Toyota waya wa taa mara nyingi ni kijani na wa hasi ni kahawia. Rudisha betri, washa taa ndogo, pima kati ya hizo mbili: mita isome kama volti 12. Isiposoma kitu, angalia pini. Hewa yetu ya chumvi huziotesha kutu ya kijani. Zikwangue kwa msasa laini.

Umeme ukifika, tenga betri tena ufungue uso. Vuta kifundo cha sauti moja kwa moja, bonyeza vishikizo vya plastiki, na usiuvute utepe wa nyaya. Globu iliyoungua mara nyingi huwa na kioo cheusi, na mita haisomi ohm (kipimo cha ukinzani) yoyote. Nzima na baridi husoma makumi machache. Ikisoma, tazama chini ya bodi: duara jembamba la ufa kuzunguka mguu wake ni risasi ya kuunganishia iliyoachia kwa mtikisiko wa barabara. Ipashe moto tena, umemaliza.

Hapa kwenye kununua ndipo wengi huharibu. Wanabeba globu yoyote ya volti 12. Kuna redio zinazolisha globu zake volti pungufu, kwa hiyo rudisha plagi na betri, washa taa ndogo, upime volti penye matundu mawili ya miguu kabla ya kwenda dukani. Ya kawaida ni volti 12, mA (miliampia) 60. Ukiweka kubwa zaidi ili ing'ae, joto linapinda plastiki ya kupitishia mwanga na kuunguza karatasi ya rangi. Kama rangi imo kwenye kofia ya mpira ya globu, nunua globu nyeupe, uhamishe kofia ya zamani.

Ukitaka LED, usiifunge kavu, bila rizista, yaani kipande cha kupunguza umeme. Injini ikiwaka volti hufika 14.4, LED nyeupe inatumia kama 3.2, zinabaki 11.2. Rizista ya ohm 1,000, robo wati, itapitisha kama mA 11, inatosha. Mguu mrefu ni chanya. Kichwa chake kikwangue kwa msasa mwanga usambae, la sivyo utapata doa moja kali katikati na pembeni kiza. Na usiweke ya buluu nyuma ya karatasi ya kijani, haitoi kitu cha maana.

Pasi ya kuyeyushia risasi iwe ya wati 30, sekunde mbili tatu kila mguu. Ukikawia, njia ya shaba inabanduka kwenye bodi na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Badilisha globu zote hata zinazowaka bado, maana umri wao mmoja. Iache redio wazi, taa zikiwaka dakika kumi, ndipo ufunge.