Maswali yenu: Haleluya ya Handel, fuga, simfoni na misa ya wafu

Tangu niandike hapa kuhusu kwaya na muziki wa zamani wa Ulaya, mmeniletea maswali mengi, na mengi yametoka kwa wanakwaya. Nimefurahi sana. Mwanakwaya huwa tayari anayo masikioni mambo ambayo vitabu vya muziki huyaita kwa majina magumu. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu wiki hii.

Kila Krismasi tunaimba Haleluya ya Handel. Mwalimu anasema imetoka kwenye "oratorio". Ni kitu gani, na ina tofauti gani na opera? (Mwanakwaya, Morogoro)

Oratorio ni hadithi au mafundisho, mara nyingi ya Biblia, yanayoimbwa mwanzo hadi mwisho na waimbaji wa solo, kwaya na okestra, bila kuigiza. Opera nayo huimbwa, ila waimbaji huvaa mavazi ya wahusika, hugombana jukwaani, hupendana, na hata hufa wakiimba. Kwenye oratorio watu husimama na vitabu mkononi, kama ninyi. Jina lenyewe ni la chumba: huko Roma, karne ya 16, wafuasi wa Padri Filippo Neri walikutana kwenye ukumbi wa sala, yaani oratorio, wakisali na kuimba, na jina la chumba likahamia kwenye muziki.

Handel alikuwa Mjerumani aliyehamia London, na kwa miaka mingi alijulikana kwa opera za Kiitalia. *Messiah* aliiandika kwa siku 24 tu, kuanzia Agosti 22 hadi Septemba 14, 1741. Ikaimbwa hadharani mara ya kwanza mjini Dublin, Aprili 13, 1742, siku chache kabla ya Pasaka. Ili watu wengi waenee ukumbini, wanawake waliombwa waje bila zile sketi zilizotanuliwa kwa pete, na wanaume waache panga zao nyumbani. Waliingia kama watu 700. Mapato yakaenda kwenye hospitali mbili na kulipa madeni ya watu waliofungwa kwa sababu ya kudaiwa, na wafungwa 142 wakatoka. Mimi nikiisikia Haleluya huwafikiria hao 142 kuliko Mfalme George wa Pili wa Uingereza, ambaye inasemekana alisimama alipoisikia. Hadithi hiyo ya mfalme ilianza kuandikwa miaka mingi baada ya kifo chake. Kusimama simameni, ni desturi nzuri, lakini wafungwa wana ushahidi wa magazeti ya siku zile.

Jambo moja zaidi kwa mwalimu wenu. *Messiah* ina sehemu tatu, na Haleluya inafunga ya pili, baada ya mateso, ufufuko na ushindi wa Kristo. Kwa hiyo ijaribuni Pasaka, mtaona maneno yanavyokaa mahali pake.

Mimi ni sauti ya nne. Tukifika "naye atamiliki hata milele na milele" tunaanza peke yetu, halafu wengine wanatufuata mmoja mmoja kama tunakimbizana. Kwa nini imeandikwa hivyo? (Besi, Bukoba)

Neno umelitaja mwenyewe: kukimbizana. Namna hiyo ya kutunga inaitwa fuga, na haihusiani na kufuga kuku. Ni neno la Kilatini lenye maana ya kukimbia. Sauti moja inatoa wimbo mfupi peke yake. Ikimaliza, ya pili inauchukua wimbo ule ule, kwa kawaida ikianzia hatua ya so badala ya do. Ile ya kwanza hainyamazi, inaendelea na wimbo mwingine sambamba nayo. Kisha ya tatu, kisha ya nne, hadi nyumba nzima inajaa.

Hapo kwenye Haleluya ni besi, tenor, alto, halafu soprano. Handel anafanya kwa ufupi tu, kisha anaziunganisha sauti zote. Ukitaka kumsikia akiendelea kwa muda mrefu, tafuta Amina inayofunga *Messiah* yote: ni neno moja tu, na linatosha dakika kadhaa. Bingwa wa fuga lakini ni Bach. Mwaka 1722 alikamilisha kitabu cha vipande vya kinanda, kila kimoja kikiwa na utangulizi na fuga yake, jumla jozi 24, jozi moja kwa kila ufunguo, yaani kila nota inayoweza kuwa makao ya wimbo, wa meja (uliochangamka) na wa maina (wenye huzuni).

Makosa ninayoyasikia kwenye kwaya nyingi ni haya: besi mkishaingia kwa nguvu, mnaendelea kwa nguvu ile ile tenor wanapoingia, na hakuna anayewasikia. Mliokwisha kutoa wimbo, shusheni sauti na muwapishe wanaoingia. Halafu pale karibu na mwisho, kabla ya ile "Haleluya" nzito ya taratibu, kuna kimya. Muziki wote unasimama. Kila kwaya ina mtu mmoja anayeimba ndani ya kimya kile. Hesabuni kimya kama mnavyohesabu nota, kwa sababu Handel amekiandika.

Sonata na kantata: kuna tofauti? (Mwanafunzi, Kisumu)

Asili yake ni Kiitalia na ni rahisi kukumbuka. Kantata ni ya kuimbwa, sonata ni ya kupigwa kwa ala, kama piano peke yake au violini na piano. Beethoven aliandika sonata 32 za piano zenye namba.

Ila utakutana pia na "umbo la sonata", na hilo ni jambo jingine: ni mpango wa ndani wa sehemu moja ya muziki. Mtunzi anakuonyesha nyimbo zake, anaondoka nazo mbali na nyumbani, anazikata vipande na kuzigeuza, kisha anazirudisha. Sikiliza mwanzo wa Simfoni ya Tano ya Beethoven, zile nota nne, tatu fupi na moja ndefu. Vipande vingi utakavyovisikia katika sehemu ile ya kwanza vimejengwa kwa matofali hayo manne. Zinaporudi kwa kishindo baada ya safari, utazijua bila kuambiwa.

Nilialikwa kusikiliza okestra Nairobi. Muziki uliposimama nikapiga makofi, watu wakanigeukia. Kumbe simfoni haijaisha. Nitajuaje? (Msomaji, Thika)

Simfoni ni kazi ya okestra nzima, kwa kawaida yenye sehemu nne: ya kwanza ya kasi, ya pili ya taratibu, ya tatu yenye mwendo wa dansi, ya nne ya kasi tena. Kile kituo kilikuwa kati ya sehemu mbili. Siku hizi watu husubiri hadi mwisho, kwa hiyo mwangalie kondakta: akishusha mikono na kuwageukia, piga makofi kwa nguvu zako zote.

Lakini usione aibu hata kidogo. Julai 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris kwamba watu walipiga makofi katikati kabisa ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake mpya, pale pale alipotegemea watapenda. Alifurahi, na baada ya onyesho akaenda kula aiskrimu. Kanuni ya kunyamaza ilikuja baadaye. Waliokugeukia hawakuijua historia ya kitu wanachokilinda.

Kwa kuanzia nakushauri Simfoni namba 45 ya Haydn. Haydn alikuwa mtumishi wa Mtawala Nikolaus Esterházy, na mwaka 1772 mtawala huyo alikaa mno kwenye kasri lake la mashambani, huku wapigaji wakiwa wameacha wake zao mjini Eisenstadt. Haydn akaandika simfoni ambayo sehemu yake ya mwisho inageuka kuwa ya polepole, na kila mpigaji akimaliza zamu yake anazima mshumaa, anachukua ala yake na kutoka. Mwishowe zikabaki violini mbili. Mtawala akaelewa, na kesho yake safari ya kurudi ikaanza.

Kwenye maziko ya marehemu baba tuliimba "Raha ya milele umpe, ee Bwana". Rafiki akaniambia hiyo ndiyo Requiem ya Mozart. Ni kweli? (Mkatoliki, Songea)

Pole sana kwa msiba. Maneno ni yale yale, muziki ni mwingine. Requiem ni misa ya wafu, na jina limechukuliwa kwenye neno la kwanza la Kilatini la sala hiyo hiyo mliyoimba: raha, pumziko. Mtu yeyote aliyesimama kaburini na kuitikia "na mwanga wa milele umuangazie" anajua tayari ombi ambalo Mozart aliliwekea muziki.

Yeye hakuimaliza. Iliagizwa mwaka 1791 na bwana mmoja tajiri, Walsegg, aliyefiwa na mke wake kijana na hakutaka jina lake lijulikane. Mozart akafa Desemba 5 mwaka huo akiwa na miaka 35. Kwenye sehemu ya *Lacrimosa*, yaani siku ile ya machozi, mwandiko wake unakoma baada ya vipimo vinane, yaani vile vigawanyo vya mapigo kwenye karatasi ya muziki. Mjane wake alihitaji malipo yaliyobaki, kazi ikakamilishwa na Süssmayr, mwanafunzi wa Mozart.

Watunzi wengine nao waliandika Requiem zao. Verdi wa Italia, mwaka 1874, aliitisha Siku ya Ghadhabu, ile sehemu ya hukumu ya mwisho, kwa ngoma kubwa inayotikisa kifua. Brahms, aliyelelewa Mlutheri, aliacha Kilatini akachagua mistari ya Biblia ya Kijerumani, na kwaya yake inaanza kwa "Heri wenye huzuni, maana hao watafarijika". Kwa mtu mwenye msiba mbichi, ningemwekea Brahms kwanza.

Je, misa za namna hii ziliwahi kutungwa kwetu? (Msomaji, Lubumbashi)

Ndiyo, tena jirani yako. Misa iliyotungiwa muziki ina sehemu tano unazozijua: Bwana utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu, Mwanakondoo. Pale Kamina, miaka ya 1950, Padri Guido Haazen kutoka Ubelgiji pamoja na wavulana na walimu wa shule waliziimba kwa Kilatini, lakini kwa mahadhi na ngoma za Kikongo. Ikaitwa *Missa Luba*, ikarekodiwa mwaka 1958. Sehemu kubwa haikuwa kwenye karatasi, waimbaji waliijenga wakiimba.

Binti yangu wa miaka tisa amepewa "Minuet in G" ya Bach kwenye piano. Anaipiga kama gwaride. Nimsaidieje? (Mama, Arusha)

Mama, kwanza si ya Bach. Ilikutwa kwenye daftari la mke wake, Anna Magdalena, la mwaka 1725, bila jina la mtunzi, na baadaye ikajulikana kuwa ni ya Christian Petzold, mpiga kinanda wa Dresden.

Minueti ni dansi ya hatua tatu, na gwaride ni mbili. Ndiyo sababu inakataa. Kama uliwahi kuimba kwaya, mwimbie hivi: *s, d r m f, s d d*, halafu *l, f s l t, d' d d*. Vipimo vinane vya kwanza vinaishia hewani, kama mtu anayeuliza. Vinane vinavyofuata vinaanza vile vile lakini vinatua kwenye do. Aache piano kwanza. Mshike mikono, mzunguke naye sebuleni, mguu mzito kwenye moja na myepesi kwenye mbili na tatu, wewe ukiimba. Mkizunguka mara mbili bila kukosea, mwambie akakae apige, na wewe usimhesabie tena.