Maswali yenu kuhusu John Hart, mkulima aliyemkana mfalme

Safu iliyopita nilimgusia John Hart, mkulima wa Hopewell katika koloni la New Jersey, mmoja wa watu 56 waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka 1776. Maswali yamemiminika. Nimechagua yale yanayojibika bila kupiga ramli.

Ndugu mwandishi, mkulima wa kawaida alifikaje mezani pa wakubwa? Au hakuwa wa kawaida?

Hakuwa na elimu kubwa, ila mali alikuwa nayo. Daktari Benjamin Rush, aliyetia saini pamoja naye, alimweleza kuwa mkulima mnyoofu, mwenye shule kidogo na busara ya kutosha. Lakini mkulima huyo alikuwa na mamia ya ekari na vinu vya kusaga nafaka. Mwenye kinu anawajua watu: nani kavuna, nani kakosa, nani anadaiwa. Nadhani hapo ndipo siasa yake ilipoanzia. Mwaka 1750 alichaguliwa kwenye baraza la kaunti ya Hunterdon, 1755 akawa hakimu, na kuanzia 1761 hadi 1771 alikaa katika Bunge la koloni. Alipofika Philadelphia, kwenye Kongresi ya makoloni yote, alikuwa na umri wa miaka sitini na ushei, na nyuma yake robo karne ya vikao. Hakuota kama uyoga.

Ni kitu gani hasa kilimgeuza dhidi ya mfalme wa Uingereza?

Sitakutafutia siku moja aliyoamka akiwa mwanamapinduzi. Alikulia Hopewell, mahali ambapo wakulima waliokwisha kununua mashamba yao walitakiwa wayalipie upya, kwa kuwa bwana mmoja mkubwa, Daniel Coxe, alidai ardhi ni yake. Walikwenda mahakamani miaka ya 1730, wakashindwa. Baadaye ikaja Sheria ya Stempu ya 1765, London ikitaka kodi kwenye kila karatasi ya maana, kuanzia hati za mahakama hadi magazeti, bila makoloni kuulizwa. Mtu aliyekulia kwenye mgogoro wa hati za ardhi hahitaji mwanafalsafa wa kumweleza ubaya wa hilo.

Lililobaki lilifanyika kwenye kamati. Juni 1776 Kongresi ya New Jersey iliagiza gavana wa mfalme, William Franklin, akamatwe. Ndiyo, mtoto wa Benjamin Franklin. Baba upande huu, mwana upande ule. Wajumbe wake huko Philadelphia waliokuwa wakisitasita kuhusu uhuru wakawekwa kando, wakatumwa watano wapya: Richard Stockton, John Witherspoon, Francis Hopkinson, Abraham Clark na Hart.

Alitia saini tarehe 4 Julai?

Hapana. Siku hiyo Azimio lilipitishwa; wengi wa wale 56 walitia saini tarehe 2 Agosti. Jina lake ni la nne kati ya yale matano ya New Jersey.

Ila kuna sahihi yake nyingine inayonivutia zaidi. Mwaka huohuo New Jersey ilitoa noti zake, zikachapwa na Isaac Collins wa Burlington, na Hart alikuwa miongoni mwa waliozitia saini kwa mkono, moja baada ya nyingine. Nyuma ya noti pana picha ya jani la mmea, na onyo kwamba adhabu ya kuighushi ni kifo. Hebu fikiria mzee wa shamba ameinama na kalamu ya unyoya juu ya rundo la noti. Kwa Waingereza, kila moja ilikuwa ushahidi wa uasi.

Shikamoo. Nilisoma kwamba alimkimbia mkewe akiwa mahututi, akalala mapangoni, akarudi na kukuta familia imesambaratika. Ni kweli?

Marahaba. Hadithi hiyo imezunguka sana, na imepakwa chumvi. Mkewe, Deborah, alifariki tarehe 8 Oktoba 1776. Jeshi la Uingereza liliingia New Jersey Novemba. Kwa hiyo hakuna mke aliyeachwa kitandani.

Kujificha ndiko kwa kweli. Tangu Agosti alikuwa Spika wa Bunge jipya la jimbo, hivyo alikuwa windo la maana. Mwenzake Stockton alikamatwa usiku wa tarehe 30 Novemba. Hart, mjane mwenye watoto ambao baadhi walikuwa bado wadogo, akajificha kwenye milima ya Sourland, huku shamba lake likiharibiwa. Lakini hakukaa huko miaka. George Washington, jemadari wa jeshi la makoloni, alishinda Trenton tarehe 26 Desemba na Princeton tarehe 3 Januari 1777, mzee akarudi kwenye kiti chake cha Spika. Mimi naona hilo la kurudi lina uzito kuliko pango lolote.

Alifaidika na mapinduzi?

Sioni wapi. Juni 1778 alilikaribisha jeshi la Washington, watu wapatao 12,000, wakapiga kambi shambani kwake siku chache kabla ya kupigana na Waingereza huko Monmouth. Mwenye shamba anajua maana ya miguu 24,000 msimu wa mazao, bila kuhesabu farasi. Alifariki tarehe 11 Mei 1779 kwa ugonjwa wa mawe kwenye figo, vita vya uhuru bado havijaisha.

Huyu mpenda uhuru alikuwa na watumwa?

Alikuwa nao. Wengi wa waliotia saini Azimio lile walikuwa nao, na New Jersey haikuwa na haraka ya kuwaachia. Sheria ya kukomesha utumwa hatua kwa hatua ilipitishwa huko mwaka 1804, nayo iliwagusa tu watoto waliozaliwa baada ya tarehe 4 Julai ya mwaka huo. Hata hao walitakiwa kwanza wamtumikie bwana wa mama yao: wa kike hadi miaka 21, wa kiume hadi 25.