Nani anaruhusiwa kumwona shujaa akiwa hoi?

Swali lenu la wiki hii liliuliza kama riwaya za vita na ujasusi zimebadilisha fikra zetu juu ya uanaume, au zinatuletea mwanamme yule yule kila kizazi kwa nguo mpya. Kwa maoni yangu zimebadilika sana. Wengi wakitafuta mabadiliko hayo hutazama silaha, au idadi ya wanawake wanaompenda shujaa. Mimi natazama jambo moja tu: akishaumia, nani anaruhusiwa kumwona?

Nianze na vitabu tulivyokulia navyo Wete, Pemba. Riwaya za Elvis Musiba zilitufikia hazina majalada, kurasa za mbele zimechanika, pembeni pameandikwa kwa peni majina ya waliotangulia kuzisoma. Tukizigombania. Katika Kufa na Kupona, iliyotoka mwaka 1974, jasusi Willy Gamba anafuatilia nyaraka za siri zilizoibwa kwenye Kamati ya Ukombozi, ile ya nchi huru za Afrika iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam. Anavaa akapendeza, anakunywa, wanawake hawamkatai, na maadui hawamwezi. Wapo wanaombeza kuwa ni James Bond wa kunakili. Hawamtendei haki. Bond analinda dola iliyokuwa ikipoteza makoloni yake mmoja mmoja. Gamba yuko upande wa wanaotaka kujitawala. Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini zilikuwa bado mikononi mwa wakoloni na makaburu, na sisi watoto tulijua majina hayo kutoka redioni. Ushujaa wake ulikuwa na kazi ya kufanya, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Kinachokosekana kwake ni nyumba. Hana mtu wa kumfunga kidonda wala wa kumwuliza usiku kwa nini halali.

Ami yangu alipigana Vita vya Kagera. Alirudi mwaka 1979, baada ya Kampala kuanguka na Idi Amin kukimbia. Baada ya sala ya isha alikaa barazani, mimi nikiwa na kandili, akaniambia nimsomee, kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri tena. Alimpenda Willy Gamba kwa mambo ambayo sisi tuliyaruka: viwanja vya ndege, hoteli, aina ya gari, chakula kilichoagizwa. Akifurahi kwelikweli. Lakini Gamba akishatoa bastola, ami alisema, "Ruka hapo." Nikiruka aya moja, nikaanza tena, alisikiliza maneno machache akasema, "Ruka tena, mwanangu." Mara nyingine tulikwenda hivyo kurasa mbili tatu, mpaka Gamba amerudi hotelini na kuoga. Hapo ndipo alipotulia akanyoosha miguu.

Watoto wa mtaani walimwuliza ameua wangapi. Wakubwa hawakumwuliza kitu. Kwao mwanamme aliyerudi vitani alikuwa amekwisha kujibu maswali yote.

Miaka mingi baadaye nilikutana na kitabu cha Mjerumani Erich Maria Remarque, All Quiet on the Western Front, kilichotoka mwaka 1929. Askari kijana, Paul, anapewa likizo na kurudi kwao. Baba yake anataka hadithi za vitani, tena zile za kusisimua. Paul hawezi kuzitoa. Anaogopa kwamba akishayatamka yale mambo yatamshinda. Kabla ya kwenda vitani, mwalimu wao wa skuli alikuwa amewahimiza darasa zima wajiandikishe, na kijana ambaye angekataa angeonekana mwoga. Baadaye katika kitabu Paul anamchoma kisu askari wa Kifaransa aliyemwangukia ndani ya shimo la kombora, kisha anabaki naye humo saa nyingi akimtazama anavyokata roho. Anampa maji. Anafungua pochi yake na kukuta picha ya mke na mtoto. Mtu pekee anayemwona Paul alivyovunjika ni yule ambaye Paul amemwua. Wanazi walikichoma kitabu hiki hadharani mwaka 1933, na mimi naamini walielewa vizuri kinachofanya: kinamnyima mwenye kutaka vita vijana wa kumwendea.

Sasa Bond. Wanaomjua kwa sinema tu watashangaa wakisoma Casino Royale ya mwaka 1953, ambayo Ian Fleming aliiandika baada ya kufanya kazi katika ujasusi wa jeshi la maji la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Bond anateswa vibaya sana, tena mahali pa siri pa mwanamme. Akiwa kitandani hospitali anaanza kumwambia mwenzake kwamba hajui tena nani mwema na nani muovu, na anafikiria kuacha kazi. Anampenda Vesper, mwanamke anayefanya naye kazi, anataka kumwoa. Kisha Vesper anajiua, inajulikana kwamba alikuwa akiwafanyia kazi maadui kwa kulazimishwa, na Bond anamtaja kwa tusi na kurudi kazini. Mlango ulifunguliwa kidogo ukabamizwa. Ule ugumu ambao vijana wa nusu ya dunia waliuiga ulianza kama kovu la mtu aliyekataa kulia, na nasikitika kwamba tuliurithi ugumu bila ya kuambiwa ulikotoka.

John le Carré, ambaye naye alipata kuwa jasusi, aliufungua mlango ule ule na kuuacha wazi. George Smiley wake ni mfupi, mnene, mwenye miwani, na mkewe Ann anatoka nje ya ndoa huku kila mtu ofisini anajua. Katika Tinker Tailor Soldier Spy ya mwaka 1974 Smiley anatakiwa amtafute msaliti aliyejificha ndani ya idara yao wenyewe. Na hapa pana jambo ambalo mtu wa visiwani ataligusa kwa mkono. Mkuu wa majasusi wa Kisovieti, Karla, amekwisha kumwagiza msaliti huyo awe na Ann. Kwa nini? Kwa sababu Smiley akimshuku, wote, hata yeye mwenyewe, watadhani ni wivu wa mume aliyefedheheshwa. Adui amesoma aibu ya mwanamme akaigeuza silaha. Gamba angempiga ngumi mtu huyo, na siri yote ingepotea. Smiley anaimeza fedheha yake, anaendelea kusoma mafaili usiku, na mwisho anamkamata. Sijui ushujaa mgumu kuliko huo katika vitabu vya aina hii.

Na kwetu? Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianzia hapa hapa Zanzibar na Muhammed Said Abdulla, ambaye Bwana Msa wake katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, alitumia akili na kiko, si misuli. Huyo ni mpelelezi wa mauaji, kwa hiyo nampitia haraka. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ina siasa za siri na polisi wa Mwingereza wanaomwinda mpigania uhuru Denge, lakini aliyenishangaza mimi kwa ujasiri ni Yasmin, msichana aliyeozwa mzee kisha akamtoroka mume huyo. Haini, riwaya yake ya mwaka 2003, ni nzito zaidi. Inahusu waliokamatwa baada ya kuuawa Mzee Karume tarehe 7 Aprili 1972, na Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa ndani wakati ule. Mle chumba cha mateso kimeandikwa na mtu aliyejua jela ni nini. Wanaume wanavunjwa mmoja mmoja, na msomaji hapati nafasi ya kuwacheka.

Lakini kitabu ambacho ningempa kila kijana wa Chake Chake na Wete ni Afterlives cha Abdulrazak Gurnah, kilichotoka mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya yeye kupata Nobel. Hamza anajiunga mwenyewe na askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, akitumaini kuondokana na unyonge wake. Badala ya utukufu anapata matusi, njaa na maiti njia nzima, na mwisho sajenti wa upande wake mwenyewe anamkata kwa upanga nyongani. Anarudi mjini pwani anachechemea, hana kitu, anapata kazi kwa mfanyabiashara wa mbao na samani. Hapo anampenda Afiya, mwanamke ambaye mkono wake ulivunjwa utotoni na mlezi wake kwa kosa la kujua kuandika. Hamza anamwandikia mashairi aliyoyatafsiri kutoka Kijerumani, lugha aliyofundishwa jeshini. Jinamizi linapomjia usiku, Afiya yupo. Hakuna kurasa nyingi za bunduki katika sehemu hii, na ndiyo sehemu ya vita niliyoisoma mara nyingi kuliko zote.

Wapo watakaosema wanaume wa namna hii wanawalegeza vijana, hasa sasa ambapo hadithi za kijasusi zinasambazwa kwa vipande kwenye simu na kila kipande lazima kiishe na mlio wa risasi. Wamsome jasusi Alec Leamas wa le Carré katika The Spy Who Came in from the Cold, riwaya ya mwaka 1963. Yuko juu ya ukuta wa Berlin, upande wa pili ni salama yake, wenzake wanamwita aruke. Liz, msichana aliyempenda, amepigwa risasi chini upande wa mashariki. Leamas anateremka kumrudia, akijua atakufa. Nani atamwita huyo legelege?

Bibi yangu alikuwa akisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Alikuwa akiwazungumzia waliokufa. Juu ya waliorudi sikuwahi kumsikia akisema neno, na sijaisoma bado riwaya ya Kiswahili inayoanza pale askari wetu wa Kagera anaposhuka chomboni bandarini Wete au Mkoani, amebeba begi, watoto wanamkimbilia. Naitaka hiyo. Naitaka iandikwe na mtu wa hapa, iwe na mke anayeamka naye usiku, iwe na karafuu zinazoanikwa uani asubuhi yake, na iseme kile ambacho ami aliniambia nikiruke. Wenzake waliobaki ni wazee sasa. Wengine wanakaa barazani kila alasiri wanacheza bao, na bado wanakumbuka.