Makala za NIH: ile miezi 12 ya kusubiri imeondolewa

Mleta mada ameuliza kama ni lazima kusubiri miezi 12 ndipo makala hizi zisomwe bure. Hapana, huhitaji tena kusubiri mwaka. Makala yoyote iliyotokana na fedha za NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani) na kukubaliwa na jarida kuanzia Julai 1, 2025, inatakiwa iwe wazi bure kwenye PubMed Central (hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba na afya) siku ileile inapochapishwa. Miezi 12 aliyotaja mleta mada ni ya sera ya zamani, iliyoanza kuwa lazima mwaka 2008 baada ya Bunge lao kuiweka kwenye sheria ya bajeti. Agizo la kuifuta lilitoka Agosti 2022 kwenye ofisi ya sayansi ya Ikulu yao, na linahusu idara zote za serikali kuu zinazogharamia utafiti, siyo afya peke yake. NIH ilipanga kuanza mwisho wa 2025, kisha ikaharakisha.

Ila angalia: kinachowekwa bure mara nyingi ni mswada wa mwandishi uliokwisha kupitiwa na wataalamu, siyo lazima ule uliopangwa na jarida. Maudhui ni yaleyale, lakini namba za kurasa zinaweza zisilingane, kwa hiyo ukinukuu kwenye tasnifu uwe makini. Na utafiti wa malaria uliofanyika Bagamoyo au Kisumu kwa fedha hizo nao unabanwa na sharti hilohilo, maana kinachoangaliwa ni aliyelipa. Za kabla ya 2008 usizitegemee sana, nyingi bado ni za kulipia.