Njaa ya Aprili haingoji Sikukuu ya Mavuno

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mazao tunayotoa kanisani Sikukuu ya Mavuno yauzwe mnadani, au wagawiwe wenye uhitaji? Nilitaka kujibu kwa neno moja, wagawiwe, basi. Nilipokaa kuandika nikaona kinachonichoma si kuuza wala kugawa. Ni lini.

Sisi wa Machame, huku miteremkoni mwa Kilimanjaro, tunajua mwaka unavyokwenda. Mahindi tunapanda kule tambarare mwezi Machi masika yakianza, tunavuna Julai na Agosti. Sikukuu inafuata hapo hapo: madhabahu imezungukwa na mikungu ya ndizi mshare, magunia ya maharage, kuku waliofungwa miguu. Siku hiyo karibu kila nyumba ina chakula. Desemba watoto wa nyumbani wanarudi kutoka Dar, kanisa linafurika, wajane wanapewa mchele na sukari. Januari wote wameondoka. Aprili njia ni tope, darini yamebaki magunzi, kahawa bado mbichi mtini, na tangazo la msaada hulisikii.

Mwaka 1994 nilikuwa darasa la 5. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baada ya mahubiri mzee wa kanisa alisoma majina ya wahitaji, na la mama lilikuwa la tatu. Akatoka upande wa akina mama, akapita katikati ya kanisa zima, amejifunga kitenge cha mwisho alichonunuliwa na baba, miguuni raba za kaka yangu. Akakabidhiwa debe moja la mahindi. Wakaambiwa wageuke, watazame usharika, waombewe. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitazama zile raba tu, kwa sababu sikuweza kutazama uso wake. Alijitwisha debe, hakusema neno mpaka tulipofika mtoni. Pale akalitua, akaikunja upya kata yake, akasema, "Lakini mahindi tunayo." Tulikuwa nayo kweli, magunia mawili, tena hatujayapukuchua. Kesho yake shuleni mtoto mmoja aliniita debe, na jina hilo likanifuata hadi darasa la 7.

Kwa miaka mingi nimeishia hapo nikisimulia. Sasa naandika, nakumbuka sehemu iliyobaki. Mama hakuchanganya debe lile na mahindi yetu. Aliyaanika tena, akayachanganya na majivu kuzuia dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka, akayaweka peke yake kwenye pipa. Aprili ya mwaka uliofuata yetu yakaisha, akalifungua. Tulikula uji na ugali wa debe lile hadi Pasaka, na bakuli likaenda kwa jirani yetu ambaye hata hasali kwetu. Yule jirani hakusomwa jina popote.

Alichofanya mama kimeandikwa Kumbukumbu la Torati 14:28-29: zaka ya mwaka wa tatu iwekwe akiba malangoni, ili mgeni, yatima na mjane wale washibe. Iwekwe akiba! Sisi tunaimaliza kwa Jumapili moja.

Kwa hiyo najikuta nasema yauzwe, jambo ambalo asubuhi nisingelisema. Mnada wetu una faida yake: mtu ananunua mkungu, anaurudisha kwa Bwana, unauzwa tena, na mkungu mmoja unaleta fedha ya mikungu minne. Fedha hiyo itengwe, isiingie kwenye bati la nyumba ya mchungaji, itolewe Kwaresima. Kwaresima inakaribiana na njaa yetu, na tayari tunafundishwa kufunga na kutoa. Hesabu isomwe mbele ya usharika, kiasi na idadi ya nyumba, majina yasisomwe. Mzee wa kanisa wa mtaa anazijua nyumba ambazo jioni hazitoi moshi, za waumini na zisizo za waumini. Apite mwenyewe.

Najua fedha ikikaa miezi saba kuna mikono itakayoitamani, na bei ya mahindi Aprili si ya Agosti. Usharika wenye ghala zuri na mtu wa kulitunza uweke mahindi yenyewe, ni bora kuliko fedha. Na mayai, maziwa na ndizi zilizokwisha kuiva zigawiwe siku ile ile, hazikai.

Msomaji, Moshi