Mkono wa popo ulirefukaje bila mguu kuufuata?

Ndugu yangu, umeuliza inawezekanaje mikono ya popo, hawa wanaofuata maua ya mibuyu usiku hapa Dodoma, irefuke hadi kuwa mabawa ilhali miguu yao ni midogo, wakati viungo vyote vinne hujengwa kwa sehemu kubwa na jeni zilezile. Jibu liko katika moduli, yaani makundi ya sehemu za mwili zinazobadilika pamoja huku zikiwa na uhusiano hafifu na makundi mengine. Kwa mbuzi, uteuzi asilia, yaani wenye sifa zinazofaa kuishi na kuzaa zaidi, huhifadhi uwiano wa miguu ya mbele na ya nyuma, kwa kuwa asiye na uwiano huo hakimbii vizuri. Lakini kazi za viungo zilipotengana kwa popo, tofauti za kurithi zilizolegeza uhusiano huo zilipata nafasi ya kuenea. Njia ya kuvitenganisha viungo hivyo ilikuwepo tayari, kwani jeni ya Tbx5 huongoza kiungo cha mbele na Pitx1 cha nyuma. Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba uteuzi haubadilishi umbo tu, bali pia uwezo wa umbo kubadilika baadaye. Hata kwa binadamu, urefu wa mikono na wa miguu hauambatani kwa nguvu kama ulivyo kwa tumbili.